Muguu wa Nne wa Mbogo

Siku moja naikumbuka kuliko zingine zote, mwanangu, nayo ni siku mbogo ya mama yangu iliitwa kilema mbele ya watu.

Utanisamehe kwanza. Watu wa Gisenyi wanangoja mvi zitoke ndipo wanafungua kinywa kutoa nasaha. Mi sina subira hiyo. We hata hujazaliwa. Mama yako iko uani anachambua maharagwe, amekaa upande kwa sababu yako, na mi niko hapa na kalamu. Nikingoja nizeeke, nitakuwa nimekwisha kuipamba hadithi hii mpaka nionekane mwenye akili tangu mwanzo. Sasa bado iko mbichi. Donc sikiliza.

Mbogo ninayosema haikuwa mnyama wa porini. Ilikuwa pesa. Senti tano ya Amerika, ile wanaita nikeli, ndogo, rangi ya kijivu kama tumbo la samaki. Upande mumoja iko kichwa cha muzee wa kabila la kule, ana manyoya kwenye nywele. Upande wa pili iko mbogo imesimama, mabega juu, kichwa chini, sawa na zile zinashuka kutoka volkeno kula mutama wa watu wa Busasamana.

Baba yangu alipewa pesa hiyo na Mwamerika mumoja, mupiga picha. Baba alikuwa shofere wa kamyo. Mwamerika alikuja kutafuta picha za volkeno, baba akamubeba na masanduku yake yote mpaka barabara ikaisha. Huko juu mbogo ziliwafukuza, wakapanda mti mumoja, wakashuka marafiki. Siku ya kuagana Mwamerika alipapasa mufuko, akachagua hii kati ya pesa zingine, akasema ni ukumbusho wa wale waliotupandisha mti. Halafu akamupiga baba picha, ameishika pesa mbele ya kifua kama mutu anayeonyesha kibali cha gari. Baba alicheka na hadithi ile miaka na miaka. Alipofariki, mama aliifunga pesa kwenye pembe ya leso, akaiweka ndani ya sanduku. Hatukuwa na picha ya baba. Tulikuwa na ile mbogo.

Bon. Mi nilirudi kutoka Usumbura na masomo ya sekondari kichwani, nikapata kazi kwenye ghala la kahawa, nikataka kuoa. Nilimutaka Zubeda, ambaye sasa unamupiga teke tumboni. Aliishi Nengo kwa bibi yake, Bibi Mwajuma, na bibi huyo ndiye alikuwa na neno la mwisho. Kwetu sisi Waislamu wa mujini, kabla siku ya ndoa haijatajwa, upande wa bwana unaleta kitu cha shingo ya bibi arusi. Kikipokelewa, wazee wa upande wa pili wanataja siku. Kisipopokelewa, hamna siku. Ni hivyo tu.

Wengine wanaleta mukufu. Mama alileta alichokuwa nacho. Alisema mutu wa kutengeneza kipete cha kupitishia uzi atapatikana baadaye, kwanza wazee waione.

Lazima nikuambie jambo lingine, maana ndipo kosa lilipolala. Mi sikuwa nimekaa kwenye posa hata moja. Vijana wenzangu walikuwa wanakaa nyuma ya wazee, wanasikia jinsi watu wanazungumza siku kama hizo. Miaka hiyo mi nilikuwa internat, shule ya kulala hukohuko, najifunza mito ya Ubelgiji. Nilijua tu kitu kimoja, kile kila mutoto wa nchi hii anakijua: ng'ombe kilema haipelekwi kwa watu unaoomba binti yao. Ni tusi.

Tulikaa kwa Bibi Mwajuma. Baba yangu mudogo, Ramadhani, ndiye alikuwa musemaji wetu. Mi nilikuwa nyuma yake, kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Bibi alifungua leso, akaipeleka pesa kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Bibi yule alizaliwa Busasamana, mbogo anazijua. Akapitisha ukucha chini ya tumbo la mnyama, taratibu, akarudia tena.

"Ramadhani," alisema, "tangu lini watu wa kwenu wanatuletea ng'ombe ya miguu tatu?"

Pesa ikazunguka mikononi. Kweli. Muguu mumoja wa mbele haukuwepo. Kwato ilikuwa pale chini, peke yake, kama mutu ameacha kiatu mulangoni akaenda. Miaka yote ile hakuna mutu wa nyumbani aliyekuwa ameona. Wanawake wakaanza kucheka. Mumoja akauliza kama mnyama atakuja mwenyewe kwa miguu au tutamuleta na machela. Sauti changa kutoka jikoni ikajibu kwamba afadhali waandae na fimbo ya kumutegemeza. Uso wangu ukapata moto.

Baba mudogo hakuwa na haraka. Alitabasamu, akasogeza kofia, akakohoa. Maneno yake yanatoka kama maji ya kisima kirefu, lazima ungoje kamba ifike chini. Mi sikungoja. Nilisimama, bwana arusi mwenyewe, nikasema mbele ya wote:

"Bibi, utusamehe. Tutaitengeneza."

Kicheko kikakatika. Bibi akaifunga pesa kwenye leso, akamurudishia mama.

"Bon," alisema. "Mutengeneze."

Nyumbani mama aliniambia niache mambo kama yalivyo, Ramadhani atarudi Ijumaa baada ya sala, atazungumza na Bibi. Nikamuuliza atazungumza nini, muguu ni muguu, na haupo. Kumbuka pia kulikuwa na bwana mumoja wa Goma mwenye kamyoneti, ambaye alikuwa ameanza kupitia Nengo na kumuletea Bibi sambaza, samaki wadogo wa ziwa, bila sababu, kila mara alipovuka mpaka. Kwangu mi Ijumaa ilikuwa mbali sana.

Asubuhi nilimuomba mama leso. Aliifungua polepole kuliko kawaida. Alisema ni ya baba yako, usiende kuichoma. Nikamuambia hakuna atakayeichoma. Mi nilijuaje namna sonara anafanya kazi.

Nikavuka mpaka wa Kongo pale Grande Barrière, nikamupata sonara Goma, mutu muzuri, wa mikono mizuri. Simulaumu. Aliniuliza kama nina hakika, maana pesa ya zamani watu wengine wanaipenda kama ilivyo. Nilimujibu kwamba niliyemutafuta ni fundi, si kadhi. Akatikisa kichwa, akawasha moto. Alichukua uzi wa fedha, akauyeyusha mahali pa muguu, akaupiga tupa mpaka ukakaa sawa na wenzake watatu, na goti lake. Akatia kipete juu. Halafu, kwa sababu alama ya moto ilikuwa inaonekana, akaichovya yote katika maji ya dhahabu. Ikatoka inang'aa kama jino la tajiri. Yule muzee wa manyoya hakujulikana tena kama ana huzuni au anacheka. Nilipovuka kurudi, askari wa barrière aliuliza nabeba nini, nikamuonyesha, akasema ng'ombe nzuri. Nilifurahi na neno la askari.

Tukarudi kwa Bibi, tukaitoa. Aliigeuza, akapitisha ukucha palepale.

"Imepona haraka," alisema. "Na imenenepa."

Akaiweka ndani ya kikopo chake cha ugoro uliokwisha, akafunga kifuniko. Tulikunywa chai. Siku haikutajwa.

Haikutajwa wiki ile, wala zilizofuata. Baba mudogo akipita kuuliza, anajibiwa kwamba Bibi bado anaangalia. Kamyoneti ilikuwa inasimama pale Nengo kama kawaida. Mi nilikonda. Nilifikiri Bibi anataka kitu kikubwa zaidi, mukufu, kitambaa, sijui. Mara moja nilivaa viatu niende nimuulize mwenyewe, uso kwa uso. Mama hakunikataza. Alikaa tu kwenye kizingiti cha mulango na bakuli la mchele, akaanza kuchagua mawe, na huwezi kumuruka mama yako.

Ni wakati huo ndipo Mwamerika akarudi.

Alifika nyumbani kwa miguu, amezeeka kidogo, anauliza shofere yuko wapi. Mama akamuambia. Alivua kofia, akakaa. Alikuwa anasema Kifaransa cha kuvunjika, mi nikawa natafsiri. Akatoa picha ndani ya bahasha: baba, ameshika ile pesa mbele ya kifua, anacheka. Mama aliichukua, akaenda nayo chumbani, na kwa muda mimi na mugeni tulikuwa peke yetu na mikono yetu.

Mama aliporudi, Mwamerika alieleza kilichomuleta. Kwao kuna watu wanakusanya pesa za zamani, kama wengine wanavyokusanya tembre za barua. Hawataki pesa kwa ajili ya kununua kitu. Wanataka ile ambayo wenzao hawana. Mwaka mumoja, katika nyumba ya serikali wanapopiga pesa, mufanyakazi alisugua chuma cha chapa kupita kiasi, muguu wa mbogo ukafutika. Zikatoka chache hivyo kabla hawajaona. Yeye hakujua mambo hayo siku alipompa baba. Alikuja kujua kwao, na siku moja anapanga picha zake, akaona mikononi mwa baba mbogo ya miguu tatu. Dhamiri ikamusumbua. Alisema alimpa rafiki yake kitu bila kumuambia ni kitu gani. Sasa amekuja kumuambia, na kama mama anakubali, yuko tayari kuinunua kwa bei ya kweli. Akaitaja. Mama akaniuliza hiyo ni kiasi gani kwa franga. Nikapiga hesabu.

Ilikuwa bei ya ng'ombe, mwanangu. Ng'ombe muzima, anayepumua, wa miguu minne.

Mama hakuniangalia. Alichukua leso, akasema twende Nengo, kitu kiko kwa wenyewe.

Tulimupitia baba mudogo, tukaingia kwa Bibi Mwajuma sote wanne. Mi nilitafsiri yote, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kutafsiri. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaleta kikopo, akafungua. Mwamerika akatoa kioo kidogo, akakibana kwenye jicho, akaiinua pesa kwenye dirisha lilelile. Alikaa hivyo muda murefu. Halafu akashusha mukono, akauliza nani alifanya hivi. Niliitafsiri swali hiyo. Wote wakageuka kuniangalia mi.

Hakukasirika. Aliongea kama muganga anayeeleza ndugu za mugonjwa. Alisema dhahabu juu ya nikeli ni kitu kinachowatia watu wa kwao wasiwasi. Zamani ilitoka senti tano yenye namba tu, bila neno la senti. Wajanja wakaichovya dhahabu, wakaenda nayo dukani kama dola tano. Tangu siku hizo mununuzi akiona nikeli inang'aa njano, anashika mufuko wake kwanza. Nikamuuliza kama tunaweza kuikwangua. Alisema ukiondoa dhahabu unaondoka na ngozi ya pesa, na ngozi ndiyo wanayonunua. Na muguu ule, alisema, umefungwa vizuri sana. Fundi wenu ana mukono.

Halafu akatoa ingine kwenye pochi yake. Mbogo, miguu tatu. Alisema hii aliinunua kwa bei kali, akaja kugundua kwamba mutu aliukata muguu kwa kisu ili kuidanganya dunia. Anaibeba ili asisahau.

Baba mudogo akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Kwao wanakata muguu ili wapate bei, na sisi tulilipa fundi aongeze. Ramadhani, ambaye hacheki ovyo, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hata mama. Mi nilikuwa nimesimama katikati na hasira, sijui ya nani, na hasira isipokuwa na mwenyewe inamurukia aliye karibu.

"Bibi," nilisema, "ni we ulisema ni kilema."

Hapo hata Mwamerika, asiyeelewa lugha, alijua nimekosea. Bibi Mwajuma hakupandisha sauti.

"Nilisema. Ulitaka nisemeje? Nilipoolewa mi, watu wa bwana walileta ng'ombe. Shangazi yangu akasema, mbona haina mukia, itafukuzaje nzi? Mukia ilikuwa nayo, murefu. Muzee wa upande wao akajibu, mukia tumeuacha nyuma ufagie njia ambayo binti yenu atapita. Watu wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Ndoa yangu ilianzia hapo, kwa lile neno. Lakini, we mutoto, mi nilikuwa natafuta neno. Ramadhani alikuwa nalo, nililiona linapanda. Ukamukata. Nilikurushia mpira, we ukaupeleka kwa fundi."

Baba mudogo, polepole, alisema kweli alikuwa nalo. Alitaka kujibu kwamba muguu wa nne umekwisha tangulia, uko humu ndani ya nyumba tangu zamani, tumeufuata tu. Wanawake wakasema yoo, neno zuri hivyo, na lilikaa bure.

"Nikangoja tena siku mulirudi," alisema Bibi. "Nikasema imepona haraka, imenenepa. Nilikufungulia milango mbili siku moja. Ukanywa chai."

Niliona yote sasa. Siku haikutajwa kwa sababu hakuna aliyejibu. Si mukufu, si kamyoneti. Mwanamuke muzee alikuwa anataka kujua kama mutu anayechukua mujukuu wake anaweza kuchezewa bila kukimbia. Mi nilikuwa nimemujibu kwa moto na maji ya dhahabu.

Bibi akachukua pesa kutoka kwa Mwamerika, akaiweka katika kiganja changu mwenyewe, ile njano, na goti lake la fedha chini ya dhahabu.

"Nauliza mara ya mwisho," alisema. "Na Ramadhani anyamaze. Siku ile ya kwanza, muguu wa nne ulikuwa wapi?"

Mi mutu wa haraka nilikaa na lile swali mpaka mama akaanza kukohoa. Maneno ya baba mudogo yalikuwa mazuri lakini yalikuwa yake.

"Muguu wa nne ni mi, Bibi," nikasema. "Uliwaacha wenzake watatu, ukakimbia Goma bila kuuliza wakubwa. Leo umerudi."

Bibi aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Halafu sauti ileile ya jikoni, ile ya fimbo, ikasema kwamba kama umerudi basi ufungwe kamba, usitoroke tena. Nikaijua sauti. Ilikuwa ya mama yako. Siku ile ya kwanza pia ilikuwa ya mama yako. Alikuwa anacheza na mi, na mi nilikuwa nimekwenda nyumbani na jeraha.

Bibi alipanguza macho, akataja siku. Karibu. Hata mi niliona ni karibu.

Mwamerika alikuja kwenye ndoa. Alitupiga picha, na mama yako amevaa ile pesa shingoni. Mama yangu hakupata ng'ombe, na hajawahi kunikumbusha. Ana picha ya baba ukutani. Naona hiyo inamutosha, ingawa sijamuuliza, na labda ningepaswa.

Sasa nasaha, mwanangu, maana ndiyo niliyoahidi.

Mutu akikuonyesha upungufu wa kitu chako, usikimbilie kwa fundi. Kaa kwanza. Angalia uso wake. Wengine wanataka kitu kitengenezwe, hao wapo. Wengi zaidi wanataka tu uketi nao mulizungumzie. Ukijibu hao wa pili kama wa kwanza, utalipa mara mbili na chai utakunywa kimya.

Mukubwa wako akikohoa ili aseme, ngoja kikohozi kiishe. Hili naandika na mi mwenyewe linaniuma mpaka leo, kwa sababu Ramadhani bado anakohoa muda murefu.

Na kitu cha zamani ukikikuta nyumbani kimepauka, kimepungua, usikipake rangi kabla hujajua kwa nini kiko hivyo. Pengine palipopungua ndipo bei yake ilipo. Dhahabu inayotiwa juu inatoka. Ile ya mama yako imekwisha kufutika upande unaogusa ngozi, kijivu kinarudi, yule muzee wa manyoya ana huzuni yake tena. Muguu tu ndio haujabanduka. Fundi wetu alikuwa na mukono kweli.

Utakapozaliwa utavishwa pesa hiyo siku ya kupewa jina, Bibi Mwajuma amekwisha kusema hivyo, na hakuna wa kumubishia. Mungu akupe miguu yako yote na nguvu ya kuitumia. Akupe wazee wa kukutania, maana nyumba isiyo na wa kukutania ni baridi. Na siku utasimama mbele ya watu, mutu akahesabu akakuambia muguu mumoja haupo, Mungu akulaze ulimi mpaka upate neno, halafu aufungue.

Mama yako ananiita. Anasema maharagwe hayajichambui.